Kikombe cha Mama Siprosa

Mamboleo, Kisumu
Jumapili, 19 Aprili

Mke wangu Wakesho,

Leo ni mwaka mmoja, miezi miwili na siku tano tangu nilipopanda gari pale Mwatate, wewe ukiwa umemshika Saru mkono na Mghanga umembeba mgongoni. Nimehesabu asubuhi hii kwenye kalenda ya jirani yangu mwenye mashine ya kusaga unga. Chumba changu kiko nyuma ya mashine hiyo, na Jumapili ndiyo siku pekee ambayo haipigi kelele, kwa hiyo nimekaa kitandani na daftari magotini nikuandikie kwa utulivu.

Hamjambo nyote? Kikohozi cha Saru kimepoa, au bado kinamsumbua alfajiri? Na mama, anautumia ule mkongojo, au anauficha nyuma ya mlango wageni wakija? Niambie pia kama kunde zimeota, maana nasikia huko mvua imekuja kidogo ikaondoka. Mimi sijambo. Goti la kulia linauma nikishuka kwenye baiskeli na shingo imeungua jua, lakini nakula, nalala, na homa haijanishika tangu Krismasi.

Jumatatu uliponipigia ulisema, "Baba Saru, nataka neno moja, ndiyo au hapana." Nikaanza kueleza. Ukasema hadithi hutaki, ukakata simu. Sikukasirika. Ningekuwa wewe ningekata mapema zaidi. Lakini neno moja halitoshi, ndiyo maana naandika. Barua nitampa dereva wa lori la sukari anayetoka Muhoroni kwenda Mombasa, ameahidi kuiacha Voi kwa dada yako. Pale mwandiko wangu utakapokushinda mpe Saru akusomee. Yeye sasa amenipita darasa.

Jibu ni hapana. Sirudi sasa kuchukua ile kazi ya shamba la mkonge ambayo shemeji Mwakio amenitafutia. Najua ni kazi ya kwenda na kurudi nyumbani kila jioni. Najua haitanisubiri. Usiikunje barua, Wakesho. Isome yote, kisha ukasirike ukiwa unajua kilichonizuia.

Sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya huku. Ulijua nilikuja na mkandarasi kuchimba misingi ya nguzo, na kweli ndivyo nilivyoanza. Mkandarasi alipomaliza, wale wenye mradi wakauliza nani anaweza kuendesha baiskeli kila siku na kuandika namba bila kukosea, nikainua mkono. Ni watu wanaochunguza mvua kubwa za ngurumo. Mkubwa wetu ni mwanamke wa huku huku, Daktari Akoth. Si daktari wa hospitali, ni daktari wa mawingu. Ofisi yao iko Milimani, ndani ya nyumba kubwa yenye miti mingi, kompyuta zimejaa hadi chumba cha kulia. Juu ya mlima, ukipita hapa Mamboleo, kuna rada. Ile mashine inatuma mawimbi angani, na mawimbi yakigonga matone ya mvua yanarudi, kama vile ukipiga kelele bondeni kwetu sauti inavyokurudia. Kwa hiyo wanaona mvua ikiwa bado mbali, inakotoka na inakoelekea.

Ziwa hili, mke wangu, linajitengenezea mvua lenyewe. Mchana jua likishapasha nchi kavu, upepo unatoka majini na kukimbilia milima ya Nandi. Ukifika huko unapanda, na kufika saa nane, saa tisa, mawingu yamesimama marefu kuliko ulivyowahi kuona. Mara nyingi ni wingu moja moja, linanyesha kijiji kimoja na kukiruka cha pili. Lakini siku nyingine yanaungana. Daktari Akoth alinionyesha kwenye kompyuta picha iliyopigwa na setilaiti: kundi moja la mawingu limefunika kutoka Kericho hadi ziwani, linakwenda kama kitu kimoja. Hayo ndiyo wanayoyatafuta. Hayo ndiyo yanayojaza mito inayoshuka kwenye tambarare ya Kano na kubeba mashamba, ng'ombe na watu.

Sasa, rada inaona mvua lakini haijui kiasi. Inakadiria tu. Anayejua kiasi ni kipimo, chombo cha bati chenye mdomo mpana, kimefungwa kwenye nguzo ndani ya boma la mtu. Maji yanaingia humo, na asubuhi mimi nafika, nayamimina kwenye bilauri yenye mistari, nasoma, naandika kwenye daftari, namwaga. Kipimo ndicho kinachoisahihisha rada. Ninavyo vinne. Nikitoka hapa saa moja asubuhi, hadi saa nne nimevimaliza, na nguo zangu ni vumbi au matope, hakuna cha katikati.

Kipimo cha mwisho, cha upande wa chini karibu na mto, kiko kwa Mama Siprosa. Ni mjane, watoto wake wote wameolewa au wako Nairobi. Upande ule kulikuwa na kipimo kingine lakini fahali alikiangusha mwezi wa kwanza, kikabaki hicho chake peke yake. Chini yake kuna majaruba ya mpunga, yale mashamba wanayoyazungushia matuta ili yashike maji. Mama Siprosa hajawahi kuniacha niondoke bila kula. Hata nikisema nimeshiba ananitazama kana kwamba nimemtukana. "Hakuna mgeni anatoka hapa kwangu bila kitu," anasema, na sahani iko mezani. Huku wote wananiita Mombasa. Nimewaeleza mara nyingi kwamba Taita ni milimani na bahari niliiona nikiwa mtu mzima. Haisaidii. Mtu wa Pwani ni Mombasa, basi.

Mwezi wa tatu ulianza mkavu. Kila asubuhi nilifungua vipimo vinne, nikaandika sufuri nne. Mama Siprosa alikuwa akisimama kando kunitazama. Nikirudishia ule mdomo wa bati aliuliza, "Hakuna?" Namwambia hakuna. Anatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya msiba. "Pole, Mombasa. Kutoka kwenu kote huko, unakuja tu kuangalia mkebe ya bure."

Asubuhi moja nikakuta maji. Milimita nane. Nilishangaa, maana uani kuku walikuwa wanaoga vumbi. Nikauliza, "Mama, jana ilinyesha hapa?"

Akasema, "Mungu ni mwema."

Nikaandika nane.

Kesho yake nane tena. Halafu saba. Halafu nane. Vile vipimo vingine vitatu, sufuri. Nitakuambia ukweli ambao sikumwambia mtu wakati ule: udongo niliuona. Nilikuwa nasimama juu ya udongo mkavu huku naandika mvua. Lakini nilijiambia kwamba mvua ya huku hunyesha upande mmoja wa barabara na kuacha mwingine, jambo ambalo ni kweli, nimeliona kwa macho. Na siku ya kwanza ya kazi Daktari Akoth alituambia, "Andika kilichomo ndani ya kipimo. Usiandike unachofikiri." Nikashika hilo neno kwa sababu lilinifaa. Nilikuwa nimechoka na sufuri, Wakesho. Mtu anayeendesha baiskeli kwa saa tatu kila siku ili aandike sufuri anaanza kujiuliza yeye mwenyewe ni nini. Namba nane ilinifurahisha.

Hayo yakaenda majuma matatu. Kule Milimani wakawa na shida, rada inasema upande ule ni pakavu, kipimo kinasema kuna maji. Wakakagua rada, wakapanda juu yake, wakafungua na kufunga. Mwisho wakaamua kwamba rada ndiyo haioni vizuri upande wa mto. Wakaipandishia hesabu, kila ikiona kidogo ihesabu kingi.

Kisha siku moja mchana wingu likaja kutoka Nandi. Rada, kwa ile hesabu mpya, ikaonyesha mvua ya kutisha inaelekea mtoni. Wakampigia simu Mzee Okelo, mwenyekiti wa wakulima wa mpunga. Walikuwa wamekubaliana naye kwamba mradi ukiona hatari utamwambia, naye atawaambia watu wafungue matuta ili mafuriko yapite bila kung'oa miche. Mzee Okelo akapiga kengele ya kanisa. Watu wakashuka na majembe, wakafungua matuta yote, wakahamisha mbuzi na vyombo hadi shuleni. Yale maji waliyoyachunga tangu Februari yakaenda mtoni mbele ya macho yao.

Na mvua ikaja, manyunyu. Ililowesha vumbi, ikapita.

Kesho yake nilipopita, miche ilikuwa imelala kwenye tope linalopasuka. Mtu mmoja aliniona na ile fulana ya mradi, akatema mate chini. Nikafika kwa Mama Siprosa. Otieno, fundi wetu wa mitambo, alikuwa amenitangulia na pikipiki ili aikaze nguzo. Nikainama kufungua kipimo na nikaona sisimizi. Mstari wa sisimizi umepanda nguzo, umezunguka mdomo wa bati, umeingia ndani. Nikachovya kidole kwenye maji, nikalamba. Yalikuwa na utamu.

Otieno naye akalamba. Akatazama juu. "Omera, ndugu yangu," akasema, "Muhoroni wameanza kupika sukari huko mawinguni?"

Alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nazikumbuka zile namba, nane, nane, saba, nane. Mvua haijui kurudia namba. Nikageuka, nikamwona Mama Siprosa mlangoni anafuta mikono kwenye leso.

Nikamwuliza taratibu, "Mama, wewe huwa unatia maji humu?"

Wala hakuficha. "Kikombe moja tu," akasema. "Kikombe ya chai. Leo asubuhi sikuosha vizuri." Halafu akaona uso wangu. "Mombasa, mimi nilikuwa naona aibu. Mgeni anakuja kwangu kila siku, anafungua, hapati kitu, anaenda na mkono mtupu. Nikasema huyu watamfukuza kazi kwa sababu boma langu haina mvua. Nikakusaidia. Nilikosea?"

Mwanamke huyo anachota maji mbali na boma lake, anayabeba kichwani. Alikuwa ananigawia mimi kikombe kila alfajiri, na mimi nilikuwa nayasoma, nayaandika, nayamwaga chini.

Nilimwambia hakukosea, niliyekosea ni mimi. Otieno akaacha kucheka. Akanivuta kando ya ua. "Sikia, usiongee hii maneno Milimani," akasema. "Mwambie aache, mvua itakuja yenyewe, hesabu itajirudisha. Nani atajua?"

Siku hiyo hiyo jioni ndipo uliponipigia kwa mara ya kwanza kuhusu mkonge. Sasa unaelewa jinsi ulivyonikuta. Nilikuwa na mlango uliofunguliwa. Ningefunga mkoba kesho yake, ningesema mke ameniita, na kweli umeniita. Zile namba zingebaki kwenye kompyuta, rada ingebaki na hesabu yake mbaya, mimi ningekuwa kwetu nakata mkonge na hakuna mtu angeniuliza. Nilikaa siku mbili na wazo hilo. Nakiri kwako, siku ya kwanza lilinipendeza.

Lililonishinda ni hili. Wingu kubwa lingekuja, leo au mwezi ujao, maana ndio msimu wake. Mzee Okelo angepigiwa simu. Angepiga kengele, na hakuna mtu angeinuka kitandani kwa ajili yake. Wangefanya vizuri kutoinuka, kwa walichoonyeshwa. Na mtu aliyewaonyesha hivyo ni mimi, na penseli yangu.

Nikaenda Milimani. Daktari Akoth alikuwa anakunywa uji mbele ya kompyuta. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kikombe, sukari, sisimizi. Aliweka uji chini.

"Ulipokuwa unaandika," akauliza, "udongo ulikuwaje?"

"Mkavu."

"Uliuona?"

"Niliuona, madam."

"Na ukaandika."

"Uliniambia niandike kilichomo ndani."

Aliangalia pembeni. "Nilikuambia hivyo," akasema. "Na mimi niliona kwamba Jumapili hainyeshi kwa Siprosa hata mara moja. Majuma matatu, Jumapili zote sufuri. Nikacheka peke yangu, nikasema ni bahati tu."

Jumapili Mama Siprosa huondoka mapema kwenda kanisani, ndiyo sababu.

Alinitaka nijue kikombe cha kwanza kilimwagwa siku gani hasa, ili afute namba zote kuanzia hapo. Nilirudi kumwuliza Mama, naye akakumbuka bila shida, ilikuwa kesho yake baada ya Jumapili ambayo mchungaji aliwaombea mvua. Majuma matatu yakafutwa. Rada ikarudishiwa hesabu yake ya zamani. Nikangoja nifukuzwe. Daktari akasema, "Kazi utaamua mwenyewe. Lakini wale wakulima sitawatumia barua. Utaenda uwaambie kwa mdomo wako."

Nilikwenda Ijumaa, ile ya Juma la Pasaka. Mama Siprosa alisikia, akavaa nguo ya kanisa, akakataa nimwache. Tuliwakuta chini ya bati la ghala la mpunga, watu kama arobaini. Nilieleza kwa Kiswahili, Mama akarudia kwa Kijaluo pale nilipokwama. Nilipofika kwenye kikombe, mwanamke mmoja akapiga makofi. "Kumbe mafuriko yetu ilitoka kwa kabati ya vyombo!" Wakacheka hadi wengine wakakaa chini.

Mwanaume mmoja akapaza sauti, "Siprosa, siku hizi wewe ndiye unanyesha? Nyesha basi kwangu, kunde yangu inakauka!"

Mama Siprosa akamgeukia. "Mimi nilinyesha kikombe moja. Wewe kwako mgeni alipata chai mwaka gani?"

Wakacheka zaidi, sasa wakimcheka yule mwanaume. Mzee Okelo peke yake hakucheka. Ni mtu mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Aliinua mkono wakanyamaza.

"Mombasa," akasema, "miche yangu imekufa nusu. Nimesikia ukweli wako, na ero kamano, asante kwa kuja. Ungeweza kutoroka. Lakini simu yenu mimi sitaki tena. Simu inaweza kuniambia kitu yoyote. Siku mvua kubwa inakuja, kuja wewe mwenyewe na hiyo baiskeli. Tukikuona tutafungua matuta. Tusipokuona, hatufungui, hata rais akipiga."

Nikamwambia nitakuja. Maneno mawili tu hayo, Wakesho. Niliyasema mbele ya watu arobaini, baada ya kuwapotezea maji yao, nao wakayapokea.

Jumatatu ukanipigia unataka ndiyo au hapana.

Jumatano, saa saba mchana, Daktari Akoth akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya haraka. Mawingu ya Nandi na ya Kericho yalikuwa yanaungana, kundi lote linashuka. Akasema, "Safari hii siipunguzi wala siiongezi. Ninavyoona, ni kubwa." Nikapanda baiskeli. Juu yangu jua lilikuwa linawaka na upande wa ziwa mbingu ni nyeupe kabisa. Nilipita watu wanaouza mahindi ya kuchoma, wakaniangalia nilivyokanyaga kama mwizi anayefukuzwa. Goti liliniuma hadi nikalisahau.

Mzee Okelo aliniona kutoka mbali. Alinyooka katikati ya jaruba, tope hadi kwenye mashavu ya miguu. Alitazama mbingu, kisha mimi.

"Una uhakika?"

"Sina," nikasema. Pumzi ilikuwa inanikata. "Linaweza kukatika njiani. Lakini kwa jinsi linavyoonekana, ningekuwa na shamba hapa ningefungua."

Nadhani ningesema nina uhakika asingeniamini. Kisha akageuka akaita kwa Kijaluo, na sauti ikaenda jaruba hadi jaruba, na nikaona majembe yanainuka. Si wote. Wawili walikaa juu ya matuta yao wamekunja mikono, mmoja akaniuliza kama leo nimekuja na kikombe au na ndoo. Nikachukua jembe la mtu nikafungua upande wa mwanamke mmoja mgonjwa. Tulihamisha mbuzi, ndama, magodoro, na bibi mmoja aliyekataa kuondoka bila kuku wake anayeatamia, ikabidi nimbebe kuku na mayai yake ndani ya karai.

Saa tisa na nusu upepo ukageuka baridi. Milima ya Nandi haikuonekana tena. Mvua ilikuja na mawe ya barafu kwanza, yanapiga mabati ya shule hadi hatukusikiana, kisha maji. Sijaona mvua kama ile, mke wangu. Kwetu mvua kubwa hunyesha na kupumzika. Hii haikupumzika. Kabla giza halijaingia mto ulikuwa umetoka mahali pake, umepita juu ya majaruba, kahawia, na matawi na mapipa juu yake. Pale palipofunguliwa ulipita. Miche ilizama, lakini asubuhi ilikuwa bado imeshika. Wale wawili waliokataa, matuta yao yalipasuka yote kwa mara moja na miche ikaenda ziwani. Hakuna mtu aliyekufa. Hakuna mtu aliyewacheka wale wawili.

Alhamisi asubuhi nilifika kwa Mama Siprosa kwa miguu, baiskeli begani. Ukuta mmoja wa jiko lake umeanguka. Alinikuta nainamia kipimo, akasimama mbali kabisa karibu na ua, mikono yote miwili ameinua juu ili nione haina kitu. "Leo ni ya Mungu peke yake!" akapaza sauti. Niliijaza bilauri mara ya kwanza, ya pili, nikaendelea. Milimita sitini na tatu. Niliangalia udongo, nikaandika sitini na tatu, na kando yake nikaandika udongo ulivyo, jambo ambalo sasa nalifanya kila siku na Daktari ameniambia niendelee nalo.

Rada, kwa hesabu yake ya zamani, ilisema sitini. Nilimpigia Daktari nikidhani atapiga vigelegele. Akasema, "Zimekaribiana, Bwana Mwadime. Lakini mvua moja haijathibitisha kitu. Nataka tano, nataka kumi, msimu mzima, kutoka mkono ule ule."

Mkono wenyewe ni huu ninaokuandikia. Naye Mzee Okelo hatafungua matuta kwa mtu mwingine. Nimempendekeza Otieno, akasema Otieno anacheka sana. Kwa hiyo nipo hapa mpaka mvua hizi za masika ziishe. Sikai kwa sababu napapenda. Nimechoka, Wakesho. Kuna asubuhi naamka nikidhani nasikia unafungua mlango wa jikoni, na ni mtu wa mashine anawasha injini. Lakini nikiondoka sasa nitafika nyumbani nikiwa mtu aliyesema nitakuja na hakuja, na mtu huyo sitaki akae na watoto wangu.

Mwambie shemeji Mwakio namshukuru kwa moyo wote na asinishikie nafasi. Ampe mdogo wake Mghalu, ana mikono mizuri kuliko yangu na mke wake anakaribia kujifungua. Paa la jikoni liache, nitaliezeka mwenyewe. Mchana huu nakwenda kukandika ukuta wa Mama Siprosa, amekwisha kunionya kwamba chakula kitakuwa kingi.

Nisalimie mama, umwambie mkongojo si aibu. Nisalimie mama mkwe na umwombe asinisemee vibaya kanisani hadi asikie upande wangu. Msalimie Mwakio na nyumba yake, na yule katekista jirani yetu anayenichungia mbuzi. Saru, kama ndiwe unayesoma, kaza hesabu, zina kazi kubwa kuliko nilivyojua. Mghanga mwinue juu mara tatu kwa niaba yangu.

Daktari anafunga daftari la msimu katikati ya mwezi wa sita. Nitalikabidhi kwa mkono wangu, nitampitia Mzee Okelo niagane naye, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo, gari la kutoka Voi likisimama Mwatate jioni, nitakuwa ndani yake.

Mumeo,
Mwadime